Abbé Albert Joubert, padri wa Fizi aliyekutwa kazini

Kila tarehe 28 Novemba, Wakatoliki wa jimbo la Uvira huwakumbuka watu wanne waliouawa siku moja huko Baraka na Fizi, mwaka wa 1964. Watatu walikuwa wamisionari kutoka Italia. Wa nne alikuwa mtoto wa ziwa letu la Tanganyika: baba Mfaransa, mama Mkongomani, na yeye mwenyewe padri wa jimbo. Jina lake ni Albert Joubert.

Tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri mjini Uvira, kwa niaba ya Papa Fransisko. Tangu hapo majina yao yamezoeleka zaidi masikioni mwa watu wa barabara ya Uvira, Makobola, Mboko, Swima, Baraka hadi Fizi. Lakini habari za Abbé Albert zikisimuliwa, mara nyingi husimuliwa jioni moja tu, ile aliyopigwa risasi. Kabla ya jioni hiyo aliishi miaka 56, na katika miaka hiyo 29 alikuwa padri. Ni maisha hayo yanayoeleza kwa nini jioni ile alikuwa bado Fizi.

Mtoto wa kapiteni na Atakaye

Albert alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1908 huko Saint-Louis ya Mrumbi, upande wa Moba, katika mkoa unaoitwa leo Tanganyika. Baba yake, Léopold Louis Joubert, alikuwa tayari mzee wa miaka 66. Watu wa ukingo wa ziwa walimjua kama Kapiteni Joubert.

Mzee huyo alizaliwa Saint-Herblon, magharibi mwa Ufaransa, tarehe 22 Februari 1842. Akiwa kijana wa miaka 18 aliingia katika jeshi la watu waliojitolea kulinda nchi iliyokuwa chini ya Papa, akajeruhiwa katika mapigano ya Castelfidardo, Septemba 1860. Alipanda hadi cheo cha kapiteni. Roma ilipochukuliwa na jeshi la Italia mwaka wa 1870, kazi yake ikaisha, akarudi kwao.

Miaka kumi baadaye, Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers na mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alikuwa anatafuta askari wa zamani wa Papa ili wawalinde wamisionari katika nchi za Maziwa Makubwa. Kapiteni Joubert alikubali.

Safari hiyo ilimleta kwanza upande wetu. Mapadri Weupe walifungua kituo Masanze mwaka wa 1880, kisha Kibanga, kwenye rasi ya Ubwari, mwaka wa 1883. Mahali hapo pote leo ni teritware ya Fizi. Hatari ilikuwa ya kweli. Tarehe 4 Mei 1881, ng'ambo ya ziwa huko Rumonge, Burundi, mapadri wawili, Deniaud na Augier, waliuawa pamoja na msaidizi wao d'Hoop, aliyekuwa naye askari wa zamani wa Papa. Kapiteni Joubert alitumika katika vituo vya upande huu, akarudi Ufaransa mwaka wa 1885, halafu mwaka uliofuata akaanza safari ya kurudi ziwani. Mwezi wa Machi 1887 alifika Mpala. Ulaya hakuiona tena.

Zamani hizo misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa inapita kila mahali, na vijiji vilikuwa vinachomwa. Rumaliza, tajiri mkubwa wa Ujiji, alikuwa na watu wake pande zote mbili za ziwa. Kapiteni aliwafundisha vijana wa vijiji kutumia bunduki na kujilinda. Walipigana mara nyingi, wakiwa wachache, hadi msafara wa Wabelgiji wa kupinga utumwa, ulioongozwa na Kapiteni Jacques, ulipofika mwezi wa Oktoba 1891.

Historia ya mzee huyu ina upande mgumu, na haifai kufichwa. Misioni za wakati ule zilitawala vijiji kama serikali ndogo: Mzungu mwenye bunduki ndiye aliyeamua mashauri. Watoto wengi wa misioni walikuwa wamekombolewa kwa mali kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, na hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Na baada ya vita vya watumwa, utawala wa Leopold wa Pili ulileta mateso yake mengine. Mwanahistoria ana haki ya kuuliza maswali juu ya hayo yote.

Lakini kuna jambo moja ambalo Kapiteni Joubert alilifanya tofauti na Wazungu wengi wa wakati wake. Mwezi wa Februari 1888 alifunga ndoa ya kanisani na Agnes Atakaye, binti wa Kikongomani. Zamani zile wanaume wengi kutoka Ulaya waliishi na wanawake wa hapa bila ndoa, halafu siku ya kurudi kwao waliwaacha pamoja na watoto wao. Kapiteni aliapa mbele ya altare, akabaki. Aliishi na Atakaye miaka 39, wakazaa watoto, wakawalea pamoja, hadi alipofariki tarehe 27 Mei 1927 akiwa na miaka 85. Amezikwa katika ardhi ya Kongo.

Vitabu vinazungumza sana juu ya bunduki ya kapiteni, na kidogo juu ya Atakaye. Hata hivyo, nyumba ya Kikristo ya wakati ule ilisimama juu ya mama. Mama ndiye aliyewafundisha watoto ishara ya msalaba kabla hawajajua kusoma, aliyewaamsha kwenda Misa, aliyehesabu siku za kufunga na kujua Ijumaa hakuna nyama sahanini. Albert alizaliwa katika nyumba kama hiyo. Kwa Kanisa, wazazi wake walikuwa mume na mke. Kwa serikali ya kikoloni, yeye alikuwa mchotara, mtu ambaye hakuhesabiwa sawasawa upande wowote.

Njia iliyofunguliwa na Kaoze

Albert alipokuwa na miaka 8, jambo kubwa lilitokea karibu na kwao. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ambayo ni Moba ya leo, Stefano Kaoze alipewa daraja la upadri. Alikuwa Mkongomani wa kwanza kupadrishwa katika nyakati hizi zetu. Kaoze alikuwa mtoto wa Marungu, milima ile ile inayoonekana kutoka misioni za Mpala na Moba. Alisoma katika seminari ndogo ya Mpala, akaendelea Lusaka ya upande wa Moba, kisha Baudouinville, miaka kumi na minane yote.

Kwa watoto wa misioni, habari hiyo ilibadilisha mawazo. Hadi siku ile padri alikuwa Mzungu mwenye ndevu aliyetoka mbali. Sasa alikuwa mtu ambaye mama zao walimjua kwao na lugha yake. Mlango ulikuwa umefunguka, na Albert ni mmoja wa waliopita mlango huo.

Masomo ya seminari yalikuwa marefu na magumu. Kijana alijifunza Kilatini kwa sababu Misa, vitabu vya sala na masomo ya teolojia vilikuwa katika lugha hiyo. Siku iligawanywa kwa kengele: kuamka, kutafakari, Misa, masomo, kazi ya mikono, rozari, kulala. Waliokata tamaa njiani walikuwa wengi kuliko waliofika. Baba yake alipokufa, Albert alikuwa na miaka 18. Miaka minane baadaye, tarehe 6 Oktoba 1935, siku ya Jumapili, alipewa daraja la upadri. Alikuwa bado hajafikisha miaka 27.

Atakaye, binti aliyeolewa wakati ambapo misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita, alikuwa sasa mama wa padri.

Kazi isiyoonekana

Abbé Albert hakuwa mmisionari wa shirika. Alikuwa padri wa jimbo, maana yake mtu wa askofu, anayekwenda anakotumwa na asiye na nchi nyingine ya kurudia akichoka. Mapadri wa namna hii walikuwa wachache mashariki mwa Kongo katika miaka ya 1930, na kila mmoja alibeba kazi ya watu wengi.

Kwa msomaji kijana ambaye amezoea Misa ya Kiswahili yenye kwaya, ngoma na sinteza, inafaa kueleza siku ya padri wa wakati ule ilivyokuwa. Misa ilisomwa alfajiri, kwa Kilatini, padri akielekea altare. Hadi miaka ya 1950, padri na waamini waliotaka kukomunika hawakula wala kunywa tangu saa sita ya usiku. Padri aliyekwenda kusoma Misa ya pili katika kijiji cha mbali alitembea njaa, jua likiwa limekwisha kupanda. Kitabu chake cha sala, kinachoitwa breviari, alilazimika kukisoma kila siku, awe misioni au njiani.

Waamini nao walikuwa na mpango wao. Kengele ya Malaika wa Bwana ililia asubuhi, adhuhuri na jioni, na mwenye jembe alisimama shambani akasali. Mwezi wa Mei na wa Oktoba rozari ilisaliwa kwa pamoja. Ijumaa ya kwanza ya mwezi ilikuwa ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Katika Kwaresima, Njia ya Msalaba. Jumamosi, watu walipanga mstari mbele ya kiti cha maungamo ili Jumapili wakomunike.

Na kuingia Ukristo hakukuwa jambo la haraka. Kufuatana na sheria ya Lavigerie, mtu mzima alijifunza dini miaka minne kabla ya kubatizwa. Katika muda huo alipewa kwanza medali ya kuvaa shingoni, kisha rozari. Kijiji kizima kilijua mtu amefika wapi kwa kuangalia kilichokuwa shingoni mwake. Katekista ndiye aliyebeba mzigo mkubwa: aliwafundisha watu kwa Kiswahili na kwa lugha zao, aliwazika wafu, aliongoza sala padri asipokuwapo. Padri alipita mara chache kwa mwaka, akabatiza, akaungamisha, akafungisha ndoa, akasikiliza magomvi, akaendelea na safari.

Mambo haya hayaandikwi katika magazeti. Padri anaweza kuyafanya miaka 29 bila tukio hata moja la kusimulia. Abbé Albert aliyafanya tangu mwaka wa 1935 hadi 1964. Misa ya Kilatini aliyoisoma siku ya upadri wake ndiyo aliyokuwa bado anaisoma mwaka wa mwisho wa maisha yake, kwa maana mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano yalianza kutumika Machi 1965, miezi mitatu na siku chache baada ya kifo chake.

Fizi na ndugu kutoka Italia

Kazi ya mwisho ya Abbé Albert ilikuwa Fizi, katika milima iliyo juu ya Baraka. Huko alishughulikia masomo. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1960, wengi wa Wabelgiji waliondoka, na shule zikabaki na upungufu wa walimu na wa viongozi. Kumfundisha mtoto kusoma ilikuwa kazi ya kitaifa na ya kidini pamoja. Shule za misioni ndizo zilizobeba sehemu kubwa.

Kanisa la upande huu nalo lilikuwa linabadilika. Wamisionari Waxaveri kutoka Italia walifika nchini mwaka wa 1958. Tarehe 16 Aprili 1962 jimbo la Uvira lilianzishwa, na Danilo Catarzi, Mxaveri, akawa askofu wake wa kwanza.

Hivyo Abbé Albert, mtu wa miaka zaidi ya 50, aliishi na kufanya kazi na vijana kutoka Italia ambao wangeweza kuwa watoto wake. Padri Giovanni Didonè, aliyekuwa paroko wa Fizi, alizaliwa Machi 1930 karibu na Rosà, mkoa wa Vicenza. Huko Baraka alikuwako Padri Luigi Carrara, wa upande wa Bergamo, aliyezaliwa Machi 1933 na kupadrishwa mwaka wa 1961. Pamoja naye alikuwako Bruda Vittorio Faccin wa Villaverla, aliyezaliwa Januari 1934. Bruda hakuwa padri. Kazi yake ilikuwa ile ya mikono na ya nyumba, ambayo bila yake misioni haisimami.

Wamisionari hao walikuwa na miaka michache tu nchini. Abbé Albert alikuwa amezaliwa huku, na Kiswahili kilikuwa lugha ya utoto wake. Katika nyumba ya mapadri wa Fizi, mwenye ziwa na milima hii alikuwa yeye.

Wakati wa Mulele

Wazee wa Fizi wanauita wakati wa Mulele. Mwezi wa Mei 1964, waasi walioitwa Simba waliuteka Uvira. Juni wakaingia Albertville, Kalemie ya leo. Agosti wakauteka Stanleyville, ambao sasa ni Kisangani, na karibu nusu ya Kongo ikawa mikononi mwao.

Sababu za uasi ule zilikuwa nyingi. Lumumba alikuwa ameuawa Januari 1961. Ahadi za uhuru zilikuwa hazijatimia, walimu na askari hawakulipwa, na vijana walioishia njiani katika masomo hawakuona kazi wala shamba. Watu wengi wa Fizi waliunga mkono uasi kwa sababu waliona serikali imewasahau. Hayo ni kweli, na familia nyingi za hapa zina mjomba au babu aliyekuwa Simba.

Ila vita vilikuwa na upofu wake. Wamisionari walishukiwa kuwa wapelelezi wa Wabelgiji na Wamarekani. Huko Uvira, Askofu Catarzi na wamisionari wengine walishikwa mateka miezi kadhaa, hadi jeshi la serikali pamoja na mamluki lilipoukomboa mji tarehe 7 Oktoba 1964.

Baraka na Fizi hazikukombolewa siku hiyo. Zilibaki upande wa waasi, na zingebaki hivyo hadi mwaka wa 1965. Mapadri waliokuwako walibaki pamoja na waamini wao. Mwezi wa Oktoba ukapita, Novemba ukafika. Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kwa ndege za Marekani, ili kuwatoa mateka Wazungu. Hasira ya waasi ikapanda kila mahali walipokuwa bado wanatawala. Siku nne baadaye ikawafikia watu wa Baraka na Fizi.

Jumamosi ya mwisho

Tarehe 28 Novemba 1964 ilikuwa Jumamosi. Kesho yake ingekuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, mwanzo wa mwaka wa Kanisa. Padri yeyote anajua maana yake: watu wanakuja kuungama kwa wingi ili waanze Majilio vizuri.

Mchana, mnamo saa nane, gari la jeep la waasi lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Kamanda wao aliitwa Abedi Masanga. Bruda Vittorio alitoka kuona ni nani. Akaamriwa apande garini, akakataa, akapigwa risasi pale pale.

Padri Luigi alikuwa kanisani anawaungamisha waamini. Aliposikia milio akatoka, akiwa bado katika mavazi ya maungamo, akamwona mwenzake amelala chini. Naye akaamriwa kupanda. Alieleza kwamba kama ni kufa, afadhali afe pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti kando ya maiti. Wakamwua. Alikuwa na miaka 31, na Bruda Vittorio 30.

Kutoka Baraka, gari lilipanda milima kuelekea Fizi, safari ya kilometa zaidi ya 30. Lilifika giza likiwa limeingia. Walipobisha nyumbani kwa mapadri, Padri Giovanni alikwenda kufungua mlango. Akapigwa risasi, akaanguka. Abbé Albert alikuwa karibu naye. Akapigwa vilevile, akafa. Padri Giovanni alikuwa na miaka 34. Abbé Albert alikuwa ametimiza miaka 56 mwezi uliopita.

Tukiangalia vizuri mfuatano wa siku ile, tunaona kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anafanya jambo kubwa. Mmoja alitoka kuangalia nani amefika uani. Mwingine alikuwa anasikiliza dhambi za watu. Wa tatu alifungua mlango, kwa sababu nyumba ya padri hufunguliwa kila anayebisha, hata usiku. Wa nne alikuwa nyumbani kwake, jioni ya Jumamosi, kabla ya Misa ya Jumapili. Kifo kiliwakuta katika ratiba ya kawaida.

Siku tatu tu baadaye, tarehe 1 Desemba 1964, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro katika vita hivyo hivyo. Yeye alitangazwa mwenyeheri mwaka wa 1985, wakati Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Kinshasa. Wafia dini wa Baraka na Fizi walisubiri zaidi. Papa Fransisko alitia sahihi kuutambua ushahidi wao tarehe 14 Desemba 2023, miaka 59 baada ya kifo chao.

Mwenyeji ni nani?

Katika Fizi ya leo swali hili huuliza damu. Nani alifika wa kwanza, nani ni mgeni, nani ana haki ya kulima mlima gani: vijiji vimechomwa kwa ajili ya maswali hayo, ng'ombe wameibwa, na watu wamekimbia mara nyingi, wengine hadi makambi ya Tanzania na Burundi. Makundi yenye silaha yanabadili majina, lakini hoja zinabaki zile zile.

Maisha ya Abbé Albert yanaligusa swali hilo kwa karibu. Nusu ya ukoo wake ilikuwa Ufaransa, na nusu kando ya ziwa. Katika mwaka wa 1964, ngozi ya mtu ilitosha kumhukumu, na yeye alikuwa na ngozi ambayo kila upande ungeweza kuikana. Alichofanya ni kukaa mahali alipotumwa, kati ya watu ambao hawakuwa kabila la mama yake, akiwafundisha watoto wao na kuwasomea Misa. Wafia dini wanne waliohesabiwa pamoja ni Waitalia watatu na Mkongomani mmoja, mapadri watatu na bruda mmoja. Kanisa halikuwatenganisha, na walipouawa pia hawakutenganishwa.

Kuna swali jingine ambalo waamini wenyewe hujiuliza. Je, mtu wa kawaida wa Mboko, mvuvi au mama muuza ndagala, anaweza kujifunza nini kutoka kwa padri aliyekufa zamani hivyo? Jibu haliko katika risasi. Wengi wetu hatutapigwa risasi kwa ajili ya imani. Jibu liko katika miaka ile 29 iliyotangulia, ambayo haikuandikwa: sala ya asubuhi kabla ya kazi, rozari ya jioni pamoja na watoto, ndoa iliyoheshimiwa hadi kifo kama ile ya kapiteni na Atakaye, mwalimu anayeingia darasani hata mshahara usipofika, katekista anayetembea kwa miguu hadi kijiji cha mwisho.

Kivu imepata mfano mwingine wa namna hiyo hivi karibuni. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyekuwa mfanyakazi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, aliuawa Julai 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili kupitisha chakula kilichooza. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Yeye naye aliuawa kwa sababu ya kazi yake ya kila siku. Alikataa tu kuifanya vibaya.

Fizi ina Wakatoliki, Waprotestanti wa makanisa mengi, na Waislamu, hasa mjini Baraka. Mwenyeheri wa Kanisa moja si lazima awe wa wote. Lakini mtoto aliyefundishwa kusoma katika shule za misioni hakuulizwa daima anasali wapi, na wazee wengi wa pande zote walipita katika madarasa hayo.

Sikukuu ya Abbé Albert na wenzake huangukia daima karibu na mwanzo wa Majilio, siku zile parokia zinapopanga tena ratiba ya maungamo. Atakayekwenda kuungama katika siku hizo, iwe Mboko, Baraka au Fizi, atamkuta padri amekaa pale pale anapokaa kila mwaka, anawasikiliza watu mmoja mmoja. Kazi hiyo hiyo ndiyo iliyokatizwa Baraka, mchana wa Jumamosi ile ya mwaka wa 1964.